Kitanda Ambacho Sikukiona

Mama,

Shikamoo. Ni mimi mwanao Anjela, nakuandikia nikiwa huku shambani Mang'ola. Nina habari, na leo siandiki nikilia.

Unakumbuka siku ile ulipolazwa Karatu nikataka kupanda gari nije? Ukanipigia simu: "We Anjela, leo si zamu yetu ya maji? Baki umwagilie, mimi utanikuta." Nikabaki. Vitunguu vikanywa maji, jioni ukatutoka. Tangu hapo, kila zamu yetu ikifika nashika jembe huku nakiona kitanda chako cha hospitali, na kiti kitupu pembeni. Mwaka mzima, Mama!

Jumanne iliyopita nilifungulia maji, nikaanza tena kukiwaza kitanda kile. Sikuona tuta limepasuka. Maji yakaingia kwa jirani yetu Mama Neema, kwenye vitunguu vilivyokomaa, vimebaki kung'olewa tu. Unajua mwenyewe, maji yakivikuta hivyo vinaoza. Loo! Alikuja mbio, kitenge kinaburuta: "Wewe Anjela! Unamwagilia vitunguu au unamwagilia msiba?" Tukaziba, tukang'oa pamoja mpaka migongo ikakataa. Vingi vimepona.

Nilipomwomba radhi nilimweleza nilichokuwa nawaza. Akanitazama. "Kitanda hicho ulikiona wapi?"

Mama, sikukiona popote. Sikufika hospitali. Kitanda, kiti, vyote nilivitunga mwenyewe, halafu nikajitesa navyo. Ninachokijua kwa macho yangu ni wewe ulivyoteleza mferejini na ndoo ya maharage, ukakaa humo humo kwenye tope unacheka mpaka machozi, unakataa kuinuliwa.

Basi nimeamua. Kitanda kikinijia nakiambia toka, nakutafuta wewe kwenye tope lako. Kuna saa kinagoma kutoka, sikufichi. Lakini jana nilimwagilia zamu nzima, nikajikuta nacheka peke yangu kama chizi. Jamani, nilikuwa nimesahau kifua kikiwa chepesi kinakuwaje.

Nakukumbuka sana. Pumzika, mama yangu. Mvua zikikatika nitakuja Endamarariek kupalilia kaburi lako. Safari hii siji kukuomba msamaha. Nakuja tupige soga.

Mwanao,
Anjela