Benchi la Nyuma Ndilo Lililobaki

Alhamisi, 30 Oktoba

Tuko hai. Mimi, bibi yangu Inez na mtoto wangu, chini ya meza ya jikoni mpaka kimbunga kikachoka. Paa letu limehamia kwa jirani bila kuaga.

Nimekwenda kutazama kanisa. Kanisa gani! Kuta tatu na mawingu. Mimbari hakuna, kinanda hakuna, mabenchi yote yamekwenda na maji, hata lile la mashemasi lenye mito. Limebaki moja tu, la nyuma. Lilikazwa sakafuni kwa bolti, maana wenye dhambi wa zamani walikuwa wakilisogeza mbele kidogo kidogo.

Benchi langu! Nimelikalia tangu tumbo lilipoonekana bila ndoa, na adhabu ni mpaka Pasaka. Nimecheka hadi machozi.

Jumapili, 2 Novemba

Ibada chini ya turubai. Shemasi Egbert kaja na spana, kalifungua benchi, kalileta. Nani kalikalia? Yeye na mashemasi wenzake, wamebanana kama samaki wa kopo. Mwenye dhambi kakalia ndoo.

Nikamuuliza, Shemasi, hilo si langu? Akasema kimbunga hakijafuta adhabu ya mtu. "Kanisa likisimama, Dada Novelette, utalirudia benchi lako."

Amina, Shemasi.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya ubavuni katikati ya wimbo. Watu wote wakageuka kuipa mgongo — na nyuma ikawa mbele! Mimi na ndoo yangu tukaongoza kanisa kwa beti mbili nzima. Shemasi Egbert akazunguka mbio na benchi lake, viatu vimejaa tope. Utakatifu una kazi.

Bibi anakohoa. Ni ule usiku wa maji.

Jumanne, 18 Novemba

Mchungaji kaja kumwona Bibi. Bibi hakupoteza muda. Anataka Abigay apelekwe mbele, aombewe, awekwe wakfu kama watoto wengine, naye aone kwa macho yake. Mchungaji kashika kofia. Akasema, Mama Inez, mtoto ataletwa mama yake akimaliza adhabu, Pasaka si mbali.

"Mchungaji," Bibi kasema, "mimi Pasaka sina mfukoni."

Akaahidi kuzungumza na mashemasi. Maana yake hapana. Mtu mwema sana, Mchungaji, hana kosa lolote ila woga.

Baba Abigay kapiga simu kutoka Kanada, kwenye kibarua chake cha shamba. Anasema nivumilie. Kuvumilia kwa simu ni rahisi.

Jumamosi, 17 Januari

Wageni wamekuja kutoka ng'ambo na fulana za rangi moja. Wanapaka rangi ukuta ambao haujakauka. Kwa upendo.

Mmoja kauliza habari za benchi. Akaambiwa ndilo pekee lililopona. Akapiga magoti! Wenzake wakalia, wakalipiga picha. Shemasi Egbert akapata sauti ya pembeni mwa kaburi, akaeleza jinsi wazee walivyolipenda benchi hili miaka yote. Wamelipenda kweli, mradi alikalie mwingine.

Imeamuliwa. Litapigwa vanishi, litawekwa mbele kabisa, na kibao cha shaba: NEEMA. Watalikalia mashemasi na wageni siku ya kufungua kanisa.

Ijumaa, 30 Januari

Bibi hali tena. Mafunda mawili ya uji, basi. Jumapili kanisa linafunguliwa; atabebwa kwenye kiti, asizuiwe na mtu. Kaniomba nimpigie pasi gauni jeupe la Abigay. Sikumuuliza la nini. Naogopa, sana.

Jumapili, 1 Februari

Naandika hapa hapa kanisani. Wanadhani nanukuu mahubiri.

Nilipoingia nyuma kulikuwa na viti vya plastiki. Benchi langu halipo. Nikaliona kule mbele, linang'aa, tupu, linasubiri wakubwa. Nikapita katikati ya watu wote na mtoto wangu, gauni jeupe pepe, nikalikalia. Vanishi inanata.

Shemasi Egbert kaniinamia, meno nje kwa ajili ya wageni. "Inuka, mwanangu. Hapa pana wenyewe."

"Shemasi, ulisema kanisa likisimama nilirudie benchi langu. Limesimama. Nimerudi."

"Usinitie aibu."

"Nimebakiza mpaka Pasaka."

Mgeni mmoja kauliza kwa sauti, mama huyu ni nani? Kisha Dada Merline, mke wa Shemasi mwenyewe, kainuka na kofia yake kubwa, kaja. "Sogea, Nove," kasema. Kakaa. Mumewe bado kasimama, hana pa kwenda.

Kitini pake, kando ya ukuta, Bibi ameanza wimbo ambao haumo kwenye ratiba. Sauti ni uzi tu, lakini akina mama wanaudaka.

Mchungaji anashuka mimbarini. Mikono kainyoosha, na sijui bado kama ni ya kumpokea mtoto au ya kunitoa. Namfungua Abigay shuka. Mchungaji anakuja. Bibi, usifumbe macho, angalia