Kiti cha Yaya na Fremu ya Chinsapo

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Nimeshona sketi mbili za shule. Nimepanua tena suruali ya mchungaji, anayezidi kunenepa na hataki kuambiwa.

Mchana nikarudi kwenye maboksi yangu. Nimekata patroni tatu, kama ninavyokata za magauni: ya kiti, ya sanduku la mizigo, ya jukwaa la madumu ya maji. Zote zitakaa juu ya fremu moja ya baiskeli ya magurudumu matatu, kama mfuniko juu ya sufuria, na kufungwa kwa pini. Unachomoa pini, unainua sanduku, unaweka kiti. Chuma cha chini hakibadiliki. Wazo ni langu. Kuchomelea ni kwa Innocent, jirani yangu Mnyarwanda. Ana mashine, hana subira.

Baiskeli ya kubeba mlemavu tu, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nani ataigharamia? Ikibeba vitunguu wiki nzima itajilisha yenyewe, na Jumapili ibebe mtu. Nilipomweleza Innocent alikubali kabla sijamaliza, na ndiye atakayeiendesha.

Mtu mwenyewe ni dada yangu mkubwa, Noela; kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. Miguu yake imekataa, mwaka wa nne huu. Kanisa liko upande wa pili wa kambi, na binti yake Aline anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Vijana wa kwaya wamejitolea kumbeba mgongoni. Kakataa katakata.

“Habatanibeba ku mugongo sawa mufuko ya mahindi, siku ya ndoa ya mutoto yangu. Heri nibakie hapa.”

Yaya akisema anabaki, anabaki. Namjua tangu Uvira, kwetu Kongo.

Alhamisi, 5 Juni

Lilongwe. Nimeshinda mtaa wa Chinsapo kwa Bambo Banda, Bwana Banda, fundi wa fremu. Mabomba ya chuma huko ni rahisi, na ana kifaa cha kuyakunja. Vipimo nimempimia mwenyewe kwa futi kamba, urefu na upana, akaviandika kwa chaki mlangoni. Patroni za maboksi nimemwachia Innocent kambini.

Banda aliuliza nani kachora ile karatasi ya fremu niliyompa. Nikasema mimi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nashona nguo. Akacheka, kisha akaitazama tena karatasi na kuacha kucheka. Kichewa changu ni cha kuombea maji tu, lakini kwenye chuma tulielewana. Zikomo nyingi, ndiyo asante yao, na nsima, ugali wao, kwa maharage. Nimerudi nimechoka na moyo mweupe.

Jumapili, 8 Juni

Innocent amemaliza vyote vitatu. Tumevipimanisha kimoja kwa kingine: sawasawa, hata unywele haupiti. Nilijisifu mbele ya majirani na sioni aibu.

Yaya alikalishwa kwenye kiti, chini tu, ukutani. Kasema mgongo wa kiti upunguzwe, la sivyo gauni halitaonekana kwa nyuma. Kasema ni kigumu. Alikaa humo mchana kutwa, na chakula akakilia humohumo.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Fremu imefika na magurudumu yake juu ya lori la mahindi. Nzuri, imenyooka, imepakwa rangi ya kijani. Tukaweka kiti. Kikacheza. Tukaweka sanduku. Likacheza. Jukwaa vilevile. Kila upande pengo la kidole. Ukisukuma hatua chache kinagonga na kuyumba kama jino bovu. Nani atamkalisha Yaya hapo?

Innocent akasema Banda kapunja bomba. Nikaamini upesi. Nikampigia simu na kumsemea maneno ambayo sitayaandika. Yeye akajibu taratibu: pima. Nikapima. Fremu yake iko sawa kabisa na nilivyomwambia. Nikampimia na Innocent. Naye kaifuata patroni sawasawa.

Nikaishika patroni. Nikaona.

Niliacha nafasi ya mshono. Kidole kizima, kuzunguka pande zote, na vipimo nilivyompa Banda havikuwa nayo. Mkono wangu umezoea. Patroni bila nafasi ya mshono haujawahi kuikata hata siku moja, na haukujua kwamba hapa kitambaa ni chuma. Fundi cherehani mzima, nimeacha nafasi ya mshono kwenye chuma! Nilicheka, kisha nikalia. Innocent hakucheka. Kukata upya na kuchomelea upya ni kazi ya wiki, na umeme wenyewe unajulikana.

Alhamisi, 12 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Innocent hasemi nami, anapiga nyundo tu.

Nimempigia Banda kumwomba radhi. Nilipomweleza kosa alicheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe nimsimulie na yeye. Nilistahili.

Kisha nikamwambia Yaya. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

“Basi. Mutaniletea gato.”

Keki ya harusi tu ndiyo aliyoomba, akageukia ukutani. Nimejichukia leo.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Aline kaja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Kifuani limempwaya. Kapungua kwa mawazo ya mama yake, najua. Kulikata upya hakuna muda, nikatia bitana nene ndani, likamkaa. Nikawa napiga pini, nikasimama na pini mdomoni. Aline akauliza, shangazi, umejichoma? Kila ndugu wa kike wa mama yake yeye humwita shangazi; mimi ni mama yake mdogo, nimechoka kumsahihisha.

Bitana!

Nilikimbia kwa Innocent bila viatu. Tukatafuta tairi kuukuu la lori, tukalichana vipande kwa ile patroni yangu mbaya, tukavifunga kwa waya ndani ya ukingo wa kiti, pande zote. Kiti kikagoma kuingia. Tukakikalia wawili, kikashuka. Pini zikapita. Tukakisukuma juu ya mawe karibu na kisima: kimya. Hakigongi. Na mpira unameza mitikisiko, kitu ambacho chuma juu ya chuma kisingefanya. Innocent akapanda, nikamsukuma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Sanduku na jukwaa vitangoja.

Kwa Yaya nimesema maneno machache tu: kesho uvae mapema.

Jumamosi, 14 Juni

Ameenda.

Kwaya mbele, yeye nyuma yake, Innocent akikanyaga pedali ndani ya suti ya kuazima. Kwenye mwinuko tulisukuma. Mlango wa kanisa ameuingia ameketi wima, kilemba hakijapinda, mgongo wa gauni unaonekana kama alivyotaka. Aline alipomwona akasahau hatua za maandamano na poda yote ikaharibika. Yaya alilia waziwazi, mimi pia. Tulikula gato nyingi.

Nina furaha. Niandike hivyo tu, nikalale.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi sanduku, nalo limetiwa bitana. Vitunguu vimeenda sokoni. Suruali ya mchungaji imerudi tena.

Mchana Innocent kaja na baiskeli, kiti kimefungwa juu yake. Sikumwita. Kumbe Yaya ndiye aliyemwita, kupitia watoto wa jirani. Anataka kwenda sokoni. Nikaacha cherehani, nikachukua kitenge nimsindikize. Yaya akaniangalia.

“We baki. Uko na kazi.”

Wakaondoka. Nilisikia sauti yake mpaka kwenye kona, anamfundisha Innocent kuendesha. Nikakaa mlangoni. Nyumba ilikuwa kimya, sijaizoea hivyo. Nikashona, nikafumua, nikashona tena.

Amerudi jioni na dagaa. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa namletea habari za kambi. Leo amekaa, ameanza moja baada ya nyingine: nani kagombana na nani, nani kafungua duka. Nilikuwa sijui hata moja. Nimekoroga dagaa na kusikiliza.