Nilivyomshuku Royce Tillery

Brannock, Pennsylvania
14 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Kwanza nakujulia hali wewe, wanao na wajukuu. Natumaini joto la huko Arizona limepungua na magoti yako yanakuruhusu kutembea asubuhi kama zamani. Sisi huku hatujambo. Peggy anakusalimu sana. Bado anapika haluski ya Mama, ile ya tambi na kabichi, kila Jumapili na bado haiifikii ya Mama, na akijua nimekuandikia hivyo nitahamia sebuleni. Mimi bega linaniuma kila baridi ikikaribia, lakini kwa mtu aliyeangushwa chini mara nyingi kama mimi, sina haki ya kulalamika.

Kadi yako ya pongezi nimeipata. Uliniomba nikusimulie sherehe ya kuupa uwanja wa shule jina langu, nisiache kitu. Nitakusimulia yote. Nakuomba tu uisome barua hii ukiwa umekaa, uko peke yako, na uifikishe mwisho hata ukitamani kuichana.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Bernadine Yurick, mwenyekiti wa kamati, aliniletea orodha ya wageni. Bernadine unamkumbuka, yule aliyekuwa anapuliza tarumbeta katika bendi ya shule. Nikapitisha macho: meya, padri, wenzangu wa shule, na watatu niliocheza nao futiboli ya Kimarekani katika timu ya Toledo. Jina la mwisho kati ya hao watatu lilikuwa Royce Tillery.

Nililisoma mara nne. Nikamuuliza Bernadine ni nani aliyemwalika. Akasema hakualikwa na mtu. Aliona habari gazetini akapiga simu mwenyewe kuuliza kama anaweza kuja. Nikamwambia amfute. Bernadine akanicheka. "Dale, mtu anaendesha gari mwendo wa saa tatu kuja kukupigia makofi, halafu mimi nimwambie abaki kwao? Kakuibia mke?" Nikatia sahihi.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mtu uliyemharibia maisha haji kukupigia makofi baada ya miaka thelathini na miwili. Anakuja na jambo. Nikaanza kuuliza huku na huku kwa ujanja, kama mtu asiyejali, nikapata kwamba amefundisha hesabu katika shule moja ya Zanesville hadi alipostaafu, na kwamba amepanga chumba cha hoteli kuanzia Alhamisi. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Siku mbili zote hizo za nini?

Hiyo Alhamisi nilimwona. Gari la kijivu lilikuwa limesimama kando ya uzio wa uwanja, naye ndani yake, nywele nyeupe kabisa, shingo ileile ndefu. Alikuwa anautazama uwanja mtupu. Nikapita na gari langu bila kupunguza mwendo. Nilipozunguka na kurudi, bado yuko palepale.

Ijumaa nilimkuta kwenye karamu ya samaki wa kukaanga katika ukumbi wa zimamoto. Alikuwa anazungumza na mwandishi mmoja wa gazeti letu la mji, na kwapani amebana bahasha kubwa ya kaki, nene. Alipochukua sahani hakuiweka chini. Alipokaa kula, aliikalia. Verna, nilijificha nyuma ya friji la soda, mzee wa miaka sitini na miwili, nikimchungulia kama mtoto aliyevunja dirisha. Peggy akanishika mkono akaniuliza nina nini. Nikamwambia samaki ana mafuta mengi.

Ili uelewe hofu yangu, inabidi nirudi nyuma. Unajua nilivyoanza, maana wewe ndiye uliyekuwa unadaka mipira yangu nyuma ya nyumba hadi vidole vikavimba. Unajua Baba alivyokuwa anatoka kiwandani na masizi usoni akasimama kuhesabu ni mirusho mingapi imekufikia. Chuo, kisha siku ya kuchagua wachezaji, nikachukuliwa karibu wa mwisho kabisa, wakati watangazaji wameshachoka. Miaka minne Toledo nilisimama pembeni nimeshika ubao wa kuandikia. Kisha kwotabeki wetu mkuu, yule mrushaji wa timu, akavunjika kifundo cha mguu, nikaingia, na misimu mitatu sikutoka. Msimu wa themanini na tano tulibakiza mchezo mmoja tu tufike fainali. Mjini humu watoto wanne walibatizwa Dale.

Royce alikuwa kwotabeki wa akiba, nyuma yangu. Alijua kila mpango nilioujua mimi. Tulilala chumba kimoja hotelini. Na ni mimi niliyemleta nyumbani Sikukuu ya Shukrani mwaka ule. Unakumbuka Baba alivyomkazia macho mezani akamuuliza, "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kungoja mwanangu avunjike mguu?" na Royce akajibu, "Hapana, mzee. Leo nangoja bata mzinga tu." Baba alicheka hadi akakohoa. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la viazi, na ulisahau kuliweka mezani.

Kufikia kiangazi mlikuwa mmechumbiana.

Kisha ukaja msimu wa themanini na sita. Kwotabeki akishaupokea mpira, ama atamkabidhi mwenzake akimbie nao, ama ataurusha, na wapinzani hawatakiwi kujua ni lipi hadi litokee. Mwaka ule walijua. Sijaupata mpira mkononi, nasikia mlinzi wao anapiga kelele, "Anarusha! Anarusha!" na wote wananijia mimi. Mchezo wa kwanza nikadhani bahati. Wa tatu, wa nne, hali ileile. Omaha waliniangusha mara tisa. Jitu moja lilinilalia kifuani likaniambia sikioni, "Pole, Kopchak. Leo tumesoma barua zako kabla hujazifungua."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Barua. Kwa hiyo kuna mtu anayepeleka. Nikaanza kumtazama kila mtu: mfua jezi, daktari, wapiga picha. Mwisho macho yakatua kwa Royce na hayakuondoka. Kila Jumamosi jioni alishuka kwenye simu ya chini hotelini wakati chumbani simu ipo. Alikuwa na daftari alilolifunga nikiingia. Binamu yake alichezea Omaha. Na mimi nikianguka, nani anaingia?

Nilikwenda kwa Kocha Amundsen nikamweleza yote. Tulikuwa tunapoteza, naye alihitaji sababu kama mimi. Mwezi wa kumi na moja Royce akaachishwa kazi. Hakuna aliyeandika neno "msaliti" kwenye karatasi yoyote, lakini kila timu aliyoipigia simu ilikuwa imeshasikia, na hakucheza tena.

Ulinijia ukilia. Ukaniambia zile simu alikuwa anakupigia wewe, na lile daftari ndilo alilokuwa anakuandikia barua humo. Nikakuuliza, "Na kwenye simu alikuwa anakuuliza nini?" Ukasema alikuwa anauliza habari za nyumbani, na habari zangu: kama nimelalamika bega, kama nalala vizuri. Nikakuambia, "Basi. Umeona mwenyewe." Nilikuona usoni jinsi neno lile lilivyoingia. Ukauliza, "Una hakika, kaka?" Nikasema nina hakika. Ulimrudishia pete kabla ya Krismasi, na ukaniambia baadaye kwamba hukumpa nafasi ya kusema hata sentensi moja.

Siku ile nilipokujibu, Verna, niliamini nilichosema. Hilo ndilo pekee ninaloweza kujitetea nalo, na linaishia hapo.

Sasa nirudi kwenye sherehe. Jumamosi kulikuwa na jua na watu wengi. Bendi ikapiga, meya akazungumza mno kama kawaida yake, wakaondoa kitambaa kwenye kibao, na jina langu, pamoja na la ukoo wa Baba yetu, likaonekana pale juu kwa herufi kubwa. Watu walisimama. Mimi nilikuwa namtazama Royce, safu ya tatu, na bahasha yake magotini, kando yake mama mmoja mwenye miwani. Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa na hakika kwamba atanyanyuka. Nilishukuru watu kwa maneno machache kuliko niliyoandika, nikakaa. Hakunyanyuka. Alipiga makofi kama wengine.

Baadaye akanifuata nyuma ya majukwaa pamoja na yule mama. "Kopchak," akasema, "umenenepa. Sasa hivi wangekuangusha kwa kukupulizia tu." Akanitambulisha kwa mkewe, Jeanette. Kisha akanipa bahasha. Nikaifungua palepale.

Ndani mlikuwa na barua ulizomwandikia, Verna. Thelathini na moja. Akasema wanahamia nyumba ndogo, wanapunguza vitu, na yeye na Jeanette wamekubaliana kwamba si haki yao kuzichoma. Hakuwa na anwani yako. Alikuja mapema ili anipe bahasha kwa faragha, lakini kila aliponisogelea aliniona nakwepa, na hata yule mwandishi wa gazeti, yeye ndiye aliyekuwa anamuuliza mahali ninapokaa, basi. Barua hizo zimo katika kifurushi hiki. Sikufungua hata moja.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijamwambia mtu, hata Peggy hadi jana.

Machi ya themanini na saba, miezi minne baada ya Royce kufukuzwa, Kocha Amundsen aliniita ofisini, akafunga mlango, akawasha mashine ya filamu. Akanionyesha michezo yetu yote ya msimu ule, akiisimamisha kila mara kabla mpira haujanifikia. Tulipopanga kukimbia, miguu yangu ilikuwa sambamba. Tulipopanga kurusha, mguu wa kulia ulikuwa umerudi nyuma, upana wa vidole vitatu. Kila mara, Verna. Nilikuwa nalinda bega bila kujua. Kocha akasema, "Hakuna aliyetuuza, Dale. Ulikuwa unawaambia mwenyewe."

Akanyanyua simu ampigie Royce. Nikamshika mkono. Nikamwambia hilo ni langu, nitampigia mimi, na nitakueleza wewe pia. Kocha aliniamini. Amekufa akiamini nilifanya hivyo.

Niliurekebisha mguu. Msimu uliofuata nilirusha vizuri kuliko maisha yangu yote, na magazeti yakaandika kwamba Kopchak amepona tangu yule mtu aondoke. Kupona kwangu kukawa ushahidi wa kumtia yeye hatiani. Ningesemaje tena? Kila mwezi uliopita uliifanya sentensi moja ile iwe nzito zaidi. Wewe ulifunga ndoa na Norbert Juni ya themanini na nane. Nilikuwa na miezi kumi na mitano ya kukuambia, na nilikushika mkono nikakupeleka madhabahuni, Baba akiwa mgonjwa, nikiwa nalijua hilo. Sisemi Norbert hakuwa mume mwema. Nilimpenda, na najua ulimpenda. Nasema tu kwamba uchaguzi ule ulikuwa wako, na mimi nilikuchagulia.

Pale nyuma ya majukwaa Royce hakuniuliza habari za kazi niliyompotezea. Alisema aligundua mambo ya mguu miaka mingi iliyopita. Alipata nakala ya filamu ile akawa anawaonyesha vijana aliokuwa anawafundisha mpira shuleni kwake, bila kutaja jina langu. Alisema hilo la kazi alishanisamehe. Aliniuliza jambo moja tu, mkewe akiwa amemshika kiwiko. "Dada yako siku ile alinitazama kama mwizi. Nimekuwa na maisha mazuri, Dale, siombi kitu. Lakini nataka kujua: aliwahi kuambiwa kwamba si mimi?"

Watu walikuwa wanapita wananipiga mabega wananipongeza. Nikamwambia, "Verna anajua zamani sana. Nilimwambia mwenyewe."

Alishusha pumzi kwa muda mrefu. Kisha akalia, pale pale, mzee mzima, na Jeanette akampa leso. Akanishukuru. Alinishukuru, Verna, akanipa mkono, na wakaenda kwenye gari lao.

Nimekaa na jambo hilo siku nane. Nilimshuku mtu yule wakati ule, nikamshuku tena juzi, na sina hata kitu kimoja kibaya alichonitendea ninachoweza kukuandikia hapa. Jana nilikwenda kwa Bernadine nikamwambia akiteremshe kile kibao cha jina. Akanikatalia, akasema nimechanganyikiwa. Nitakwenda tena Jumatatu, na safari hii nitamweleza sababu.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ukitaka kunipigia simu unitukane, nipo, na sitampa Peggy apokee. Ukinyamaza, nitaelewa.

Wasalimu wanao wote, na umbusu yule mdogo aliyeanza kutembea. Peggy anawakumbatia. Amesoma barua hii kabla sijaifunga. Sasa amekwenda kutafuta kamba ya kifurushi.

Namba ya simu ya Royce na Jeanette nimeiandika juu ya bahasha ya barua zako. Mpigie. Na akikuuliza ulijua lini, usinilinde. Mwambie umejua leo.

Ni mimi kaka yako,

Dale Kopchak