Msiba wa Rwega Ubelgiji

Shangazi Koku, shikamoo, na kikohozi kikome.

Geuza kadi umwone Bikira Maria akikata roho. Mchoraji wake, Mflemi wa zamani wa huku Ubelgiji, alirukwa na akili akiwa mtawa, na sishangai: mitume wamejaa chumbani na hakuna hata mmoja anayelia kwa sauti! Mbele ya picha yenyewe, huku makumbusho, nikamkumbuka kaka Rwega, niliyekosa kumzika kama nilivyokosa wengine wote waliotutoka mwaka huu. Nikakaa sakafuni, kama msibani. Mlinzi akaja mbio. Nikamwambia nimefiwa, nikatafuna punje ya kahawa, ile ya kukaribishia wageni kwetu, mbele yake asidhani ni sumu, nikampa nyingine. Akatafuna, akavua kofia, akakaa. Watalii wakaanza kunong'ona.

Mwambie mama mwanawe ameliliwa vizuri. Kilichokosekana ni ndizi za matanga tu.

Wako mtundu,
Kemi