Dakika Ishirini za Kukaa

3 Machi

Dada, shikamoo.

Nimekukosea, ndiyo maana hata salamu naiandika kwa haya. Hujambo? Vidole vinaendeleaje?

Ile krimu niliyokuletea, nikakwambia uache dawa ya daktari upake hii, niliipima mimi kazini kwetu, kabla haijapelekwa madukani. Kazi yenyewe haiumizi mtu: anapakwa mkononi, unamgusisha kifaa kama kalamu, kinasoma unyevu wa ngozi bila kuchoma wala kuchubua. Ila kwanza lazima akae dakika ishirini kwenye chumba chenye ubaridi, jasho likauke. Siku ile watu wa kupimwa sikuwakalisha. Walitoka juani nikawapima hapo hapo, nawahi mpira. Kifaa kikasoma jasho, mimi nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba krimu imeingia. Haikuingia, Dada. Inakaa juu juu tu. Wiki iliyopita nilirudia kipimo kwenye mkono wangu mwenyewe, nikajua.

Acha kuipaka. Rudi kwa daktari.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima lakini? Anayeandika ni binti yangu, mimi nasema tu. Barua yako ilikuta vidole vimeshapasuka, vimetunga usaha. Cha shahada hakikunji tena. Cherehani nimeifunika shuka. Mama mwenye nyumba kaniuliza, "Fundi, gauni langu vipi?" Nikamwambia kamuulize Bwana Vipimo. Tukacheka, halafu mimi nikalia.

Nilikushonea sare za shule mpaka ukamaliza. Wewe ukashindwa kuwakalisha watu dakika ishirini?

Nimekusamehe, usiniulize mara mbili. Lakini jirani yangu anampaka mwanawe krimu hiyo hiyo, kainunua dukani. Yeye umemwandikia?

Dada yako


4 Mei

Dada, shikamoo.

Mpe pole binti kwa kuandika. Barua yenu nimeisoma nimesimama mlangoni, viatu sijavua.

Sijamwandikia. Nilipokuandikia wewe nilijiona nimemaliza, na bosi sijamwambia mpaka leo. Naogopa kufukuzwa, sina sababu nyingine.

Ijumaa, tarehe 9, saa mbili asubuhi, kabla bosi hajanywa chai, nitamwekea lile daftari mezani, nimfungulie ukurasa wenye mwandiko wangu, nimwambie krimu iondolewe madukani. Akinifukuza, anifukuze.

Jirani mwambie aache leo hii kumpaka mwanawe. Mimi kwa bosi ni Ijumaa hiyo.

Mdogo wako