Waya Uliofichwa Darini

Bwana fundi, mdogo wangu,

Umeme wa chumba cha mama nimeuzima. Usiuwashe, na feni asiiguse mtu mpaka nirudi kutoka kazini. Mama amelala kitandani kwangu. Mpe dawa yake saa saba, akishakula.

Asubuhi nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikapanda darini na tochi, nikaikuta kazi yako: waya wa ekstensheni uliouvuta kwenda kwenye feni ya mama umelazwa juu ya mbao, umeungwa kwa selotepu ya kufungia madaftari, umeyeyuka mpaka shaba inaonekana. Ubao ulio chini yake ni mweusi kama mkaa. Nilipokuamsha ukanijibu macho hujafungua, "Waya ni waya, dada." Miaka kumi na tisa nafunga umeme kwenye nyumba za watu, na wewe hata balbu hubadilishi bila kushikiwa kiti. Sheria inakataza, bwana mkubwa. Waya laini kama huo wa ekstensheni ni wa kutumia mahali unapouona. Ukiuficha darini au ukutani, joto lake halina pa kutokea, na ukichubuka hakuna anayejua.

~~Panda ukautoe mwenyewe.~~ Nimeghairi. Usiguse kitu. Jioni nitautoa, nipitishe waya wa kudumu ndani ya bomba.

Nilimuuliza mama kama hakusikia ile harufu. Aliisikia tangu juzi. Alinyamaza, anasema, kwa sababu ulijisifu sana ulipomaliza, akaogopa akisema utaaibika.

Dada yako mkubwa