Mama Roza Hakusikia Kengele

Mjukuu wangu Amina,

Salamu kutoka Koboko. Bibi yako hajambo, muhogo tumeshavuna. Unauliza kwa nini nilinyamaza uliponionyesha baiskeli yako ya umeme.

Nikiwa kijana, niliteremka kwa kasi na baiskeli njia ya Kuluba. Mbele alitembea jirani yetu, mama Roza, na kuni kichwani. Nilipiga kengele bila kupunguza mwendo, nikamgonga.

Nilipomwinua alisema, "Mtoto yangu, masikio yangu iko mbovu. Kwa nini hukushuka?"

Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Nilimlimia shamba lake mpaka alipofariki, naye kila asubuhi alikaa mlangoni akilitazama jembe lake mikononi mwangu.

Baiskeli yako haina hata mlio. Ukikuta watu njiani, punguza mwendo, wasalimie, na usipite kabla hawajakujibu.

Babu yako